Majibu kwa Wasomaji: Unyevu, Moto, Kelele na Nyufa Katika Majengo

Barua tulizozipokea kuhusu matengenezo ya nyumba ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano ambazo maswali yake yanajirudia mara kwa mara, na karibu zote zina jambo moja linalotusumbua: dawa imeshapendekezwa, na pengine imeshalipiwa, kabla mtu yeyote hajachunguza maji, moto, sauti au mtikisiko huo unapita wapi.

Swali: Ndugu Mhandisi, ukuta wa chumba chetu cha chini umeota madoa kuanzia sakafuni hadi karibu na usawa wa kiuno. Rangi inababuka na unga mweupe unatoka kama chumvi. Fundi mmoja anashauri tubandue lipu yote na kupiga nyingine ya saruji nzito yenye dawa ya kuzuia maji. Mwingine anasema rangi ya mafuta inatosha. Nimfuate nani?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao, kwa sababu wote wawili wanataka kuufunika unyevu, na hakuna aliyekueleza unatoka wapi. Maji huingia ukutani kwa njia tatu kuu, na kila moja ina alama zake. Yanayopanda kutoka ardhini hupitia vitundu vyembamba vya matofali na mota, huacha mstari wa chumvi unaokaribia kuwa sawa katika urefu wote wa ukuta, na kwa kawaida hayazidi mita 1 au mita 1.5 kwenda juu. Maji ya mvua au ya bomba linalovuja hutoa doa la mahali pamoja, mara nyingi juu au kando ya dirisha, ambalo hukua baada ya mvua au bomba linapotumika. Mvuke wa hewa ya ndani unaoganda juu ya ukuta wa baridi hushika pembeni na nyuma ya samani, wala hauachi mstari wa chumvi.

Kwa maelezo yako, ninaegemea upande wa maji ya ardhini, lakini thibitisha kwanza. Kausha sehemu ndogo ya ukuta kwa kitambaa, bandika juu yake kipande cha karatasi ya alumini chenye ukubwa wa daftari, ziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe, kisha ukiache siku chache. Matone yakitokea upande wa chumbani, chanzo ni hewa ya ndani. Yakitokea nyuma ya karatasi, maji yanatoka ukutani.

Baada ya hapo toka nje, maana majibu mengi yako huko. Tafuta lile tabaka la kuzuia unyevu, ambalo kwa kawaida ni utepe wa nailoni nzito au wa lami uliolazwa katikati ya kozi (safu za matofali) mbili za chini, na upime umbali kati yake na ardhi. Linapaswa kuwa juu ya ardhi kwa milimita 150 au zaidi. Katika nyumba nyingi tabaka lenyewe ni zima kabisa, ila miaka imepita, mwenye nyumba amejaza udongo wa bustani au ameinua sakafu ya uani hadi ikalifikia au kulipita, na maji sasa yanavuka kwa ulaini. Mahali pengine lipu ya nje imeshushwa mpaka ikagusa ardhi, ikawa daraja la maji kupanda hadi upande wa juu wa tabaka. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa sururu na koleo: shusha ardhi, kata lipu juu ya tabaka, rekebisha mteremko ili maji ya paa yaende mbali na ukuta. Ukikuta hakuna tabaka kabisa, ndipo uzungumze habari ya kukata ukuta kidogo kidogo na kuliingiza, au kudunga dawa katika matundu ya kozi ya chini. Hiyo ya pili hufaa tu ikiwa dawa imeenea unene wote wa ukuta, na fundi mwenye haraka hataweza kukuhakikishia hilo.

Sasa kuhusu lipu ya saruji. Ukuta wenye maji unahitaji mahali pa kuyatoa. Ukiuziba kwa lipu nzito isiyopumua, maji hayatoweki. Yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi na kutokea pale lipu mpya inapoishia, au upande wa pili wa ukuta. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe huvimba na kupasuka mapema zaidi, kwa hiyo angalau hasara yake huonekana upesi. Lipu ya chokaa ndiyo ningeichagua kwa ukuta wa aina hii, kwani huruhusu unyevu uliobaki utoke taratibu.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi. Chumvi zilizopanda na maji, hasa zile za naitreti na kloridi, huvuta unyevu kutoka hewani. Ukirekebisha chanzo na kuiacha lipu ya zamani, ukuta utaendelea kuloa siku zenye hewa nzito ijapokuwa hakuna tone linalotoka ardhini, nawe utadhani kazi imeshindikana. Kwa hiyo bandua lipu yenye chumvi hadi juu kidogo ya mstari wa doa, piga burashi kavu kwenye matofali, kisha uwe na subira. Kanuni ya mafundi wa siku nyingi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, maana yake ukuta wa milimita 230 unaweza kuchukua miezi tisa kukauka sawasawa. Najua ni muda mrefu kuishi na ukuta ulio wazi. Hata hivyo, lipu iliyopigwa mapema utailipia mara mbili.

Swali: Kuvu nyeusi imeota nyuma ya kabati la nguo na kwenye pembe za dari. Paa halivuji. Je, dawa ya kuua kuvu itatosha?

Jibu: Itaiua iliyopo, lakini nyingine itaota. Kuvu huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hivi kwenye uso wa ukuta, na mahali ambapo hewa haizunguki, kama nyuma ya kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje, kiwango hicho hufikiwa kwa wepesi. Lisogeze kabati mbele kwa upana wa kiganja, toa nje mvuke wa jikoni na bafuni kabla haujasambaa vyumbani, na usianike nguo mbichi ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiwa baada ya hapo pembe bado zinaloa, dari na ukuta vinahitaji kinga ya joto ili uso wake usiwe baridi.

Swali: Mhandisi, ninajenga nyumba ya ghorofa yenye nguzo na boriti za chuma. Nimeambiwa chuma hakiungui, kwa hiyo sihitaji gharama ya kukikinga na moto. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli kwamba hakiungui, lakini hilo halikusaidii. Chuma kikifika nyuzijoto 550 hivi huwa kimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, karibu nusu. Katika jaribio la kawaida la tanuru linalotumika kupima vifaa vya ujenzi, joto hupita nyuzi 800 katika dakika 30 za kwanza. Nguzo nyembamba iliyo wazi inaweza kuanza kulegea kabla watu hawajamaliza kutoka. Boriti nene ya mbao, ajabu iliyoje, huweza kudumu zaidi: huungua kutoka nje kwa takriban milimita 0.7 kwa dakika, na tabaka la makaa linalojitengeneza hulinda mbao iliyo ndani.

Kwa hiyo kinga nguzo zako. Unaweza kuzifunika kwa zege, kuzizungushia mbao za jasi (gypsum), au kuzipaka rangi maalumu inayovimba kwa joto na kuwa kama povu gumu. Kwa nyumba ya kuishi napenda jasi, kwa sababu takriban moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungamana na madini yenyewe, na moto hauwezi kuivuka mpaka maji hayo yageuke mvuke na kwisha. Hakikisha tu kwamba maungio yamezibwa na skrubu zimeingia inavyotakiwa, kwani ubao uliodondoka haulindi kitu.

Lakini ningekuomba utumie muda mwingi zaidi kwenye matundu. Ukuta unaotenganisha jiko na ngazi unaweza kujengwa vizuri uweze kuhimili moto kwa saa nzima, kisha fundi bomba akaja na kutoboa tundu la ukubwa wa kichwa ili apitishe mrija wa ukubwa wa kidole gumba, na fundi umeme akatoboa jingine juu yake. Baadaye matundu hujazwa povu la kawaida la kupuliza, ambalo lenyewe huungua. Moshi, ambao huua watu wengi kuliko miali, hupita hapo kwanza. Dai matundu yote yazibwe kwa mota, kwa sufi ya mwamba (nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa) au kwa vizibo vilivyotengenezwa kuhimili moto, nawe uyakague kabla dari haijafungwa, maana baada ya hapo hakuna atakayeyaona tena. Mlango wa jiko uwe mzito na uwe na chemchemi ya kujifunga.

Usisahau upande wa nje. Tarehe 14 Juni 2017, moto ulioanzia katika jiko moja la jengo la Grenfell Tower, London, ulipanda nje ya jengo kupitia mabamba ya alumini yenye kiini cha plastiki ya polithini, na watu 72 walipoteza maisha. Mabamba hayo yaliwekwa katika ukarabati uliokusudiwa pia kulikinga jengo na baridi na mvua. Kwa kila kitu unachobandika nje, kiwe cha kuzuia joto, maji au kelele, uliza kwa maandishi kinavyofanya kikishika moto.

Swali: Tunasikia maongezi ya jirani kupitia ukuta, na nyayo za wa juu kupitia dari. Nimebandika trei za mayai na sponji lakini sijaona tofauti. Nifanyeje?

Jibu: Viondoe, dada yangu, na leo ikiwezekana, kwa sababu sponji ya aina hiyo hushika moto upesi na moshi wake ni wa sumu. Isitoshe, vitu vyepesi vyenye vinyweleo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, ila havizuii sauti kupita. Sauti ya hewani huzuiwa na uzito: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapata nafuu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6, na sikio huona kelele imepungua kwa nusu zinapopungua desibeli 10 hivi. Njia nafuu zaidi ni kujenga ukuta wa pili mwepesi wa mbao za jasi zilizopangwa mbili mbili, usiogusa ule wa kwanza, wenye sufi ya mwamba katikati. Kabla ya hapo ziba nyufa na pengo lililo juu ya ukuta chini ya dari, kwani tundu lenye asilimia 1 tu ya eneo la ukuta huufanya ukuta wote, hata uwe mzito namna gani, usizuie zaidi ya desibeli 20.

Nyayo ni habari nyingine. Huo ni mgongano unaosafiri ndani ya slabu (sakafu ya zege) yenyewe, na tiba yake bora iko juu, kwa jirani: zulia zito, au sakafu iliyolazwa juu ya tabaka laini bila kugusa kuta. Zungumzeni naye kwanza, kwa maana dari utakayoning'iniza upande wako itagharimu zaidi na kusaidia kidogo.

Swali: Ukuta wa jengo letu lenye urefu wa mita 30 una nyufa za kushuka kwa ngazi kutoka pembe za madirisha, na ufa mmoja wa wima karibu na katikati. Kila mwaka tunaziba kwa saruji na kila mwaka zinarudi. Je, jengo litaanguka?

Jibu: Sidhani, lakini mnaziba kitu kinachotembea kwa kitu kisichotembea. Huo wa wima huenda unatokana na joto. Zege la urefu wa mita 30 likipata tofauti ya nyuzijoto 30 hutanuka na kusinyaa kwa milimita 9 hivi, na pasipoachwa mwanya wa mtanuko, ukuta utajipasulia wenyewe. Kuta za matofali ya saruji huhitaji mwanya kila baada ya mita 6 hivi. Ufa huo ugeuzeni mwanya halisi: ukatwe unyooke na ujazwe kizibo laini. Kama ukuta huo unatenganisha sehemu mbili kwa ajili ya moto, nyuma ya kizibo wekeni sufi ya mwamba, la sivyo mtakuwa mmefungua njia ya moshi.

Zile za ngazi zinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mara nyingi huonyesha kwamba msingi unashuka au kuinuliwa, hasa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, au karibu na miti mikubwa na mabomba yanayovuja. Mnara wa Pisa nchini Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulianza kuinama ukiwa bado unajengwa kwa sababu ya udongo laini wa upande mmoja. Wahandisi walioufanya ufunguliwe tena mwaka 2001 walipata nafuu kubwa kwa kutoa udongo chini ya upande uliokuwa juu. Walishughulikia ardhi iliyobeba mnara.

Nanyi anzeni kwa kupima. Gongomeeni skrubu mbili, moja kila upande wa ufa, andikeni umbali kati yake pamoja na tarehe, kisha rudieni kila mwezi kwa mwaka mzima, mvua na kiangazi. Wekeni pia alama ya penseli kwenye ncha za ufa. Ufa usiozidi milimita 5 ambao hufunguka na kufunga kwa majira unaweza kuishi nao baada ya kuhamisha bomba linalovuja au kurekebisha mteremko wa maji. Ukiongezeka mwezi hadi mwezi bila kurudi, au ukipita milimita 15, au milango ikianza kukwama kwenye fremu, mwiteni mhandisi wa miundo na mwonyesheni daftari hilo la vipimo kabla hajagusa ukuta.