Kwa mnaoanza kuwachunguza watu wazima wenye usonji

Wengi wao hawaji kliniki wakisema wana usonji. Huja na sonona isiyosikia dawa, wasiwasi usioisha, na faili nene lenye majina ya magonjwa matatu manne. Ukikutana na faili la namna hiyo, rudi utotoni. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili uliotoka mwaka 2013, inadai dalili ziwe zilikuwepo tangu mapema, ila inakubali kwamba zinaweza zisionekane wazi mpaka maisha yamwelemee mtu: chuo, kazi, ndoa. Mtafute mzazi au ndugu mkubwa, kwa ridhaa ya mteja. Uliza alichezaje na wenzake, na ilikuwaje ratiba ilipovurugika ghafla.

Dodoso kama AQ, ambalo mtu hujijazia mwenyewe kuhusu tabia za usonji, ni chujio tu. Mwenye hofu kubwa ya watu anaweza kupata alama za juu bila kuwa na usonji, na aliyejizoeza miaka mingi kuwaiga wenzake akapata za chini. Hata ADOS-2, kipimo cha kumtazama mtu akizungumza na kufanya shughuli alizopangiwa, haitoshi peke yake. Akikutazama machoni, usifunge mjadala kwamba hana usonji. Muulize kunamgharimu nini.

Zaidi ya yote, chunga maswali yako. Ukiuliza “Unasikia sauti?” anaweza kujibu ndiyo, kwa kuwa anaisikia yako. Jibu hilo likiandikwa bila kufafanuliwa, mtu anaweza kutibiwa skizofrenia asiyokuwa nayo. Uliza hivi: “Ukiwa peke yako, hakuna redio wala simu, husikia mtu akizungumza?” Vilevile “Unajisikiaje?” huwashinda wengi, maana kuzitaja hisia ni kazi ngumu kwao. Uliza kuhusu usingizi, mwili, na mambo waliyoacha kuyafanya. Kuhusu kujiua, uliza waziwazi kila mara. Hatari kwao ni kubwa kuliko kwa watu wengine, na uso mtulivu si ushahidi kwamba mtu yuko salama.

Usonji wenyewe hauna dawa. Sonona na wasiwasi vinatibika. Msaada usisubiri majibu: punguza mwanga na kelele chumbani, mwandikie mapema kikao kitakavyokwenda, usimbadilishie saa bila taarifa.

Siku ya majibu, usiongee mengi. Wapo wanaopumua kwa nafuu, wapo wanaoililia miaka iliyopita bila kueleweka. Mpe maelezo kwa maandishi, kisha panga kikao kingine kabla hajaondoka, kwani maswali mazito humjia akishafika nyumbani.