Re: Namshukuruje Mungu na alizeti yote imekauka?

Dada pole sana jamani. Umeuliza utamshukuruje Mungu wakati alizeti imekaukia shambani huko Bahi na ada ya mtoto inadaiwa, mi naona usijilazimishe kusema asante kwanza, we lia tu mbele zake, Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atanisahau mpaka lini na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia, ipo. Halafu soma Habakuki 3:17-18, yule nabii anataja kimoja kimoja, mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba hayana chakula, mazizi matupu, yani kama anaongelea huku kwetu mvua ikikata mwezi wa pili, na bado anasema atamfurahia Bwana. Hajasema ukame ni mzuri!! Mama yangu miaka ya njaa tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda wa kukausha, na alikuwa anafumba macho anashukuru kwa sauti mpaka mboga inapoa. Ada sasa, nenda kaongee na mwalimu mkuu mapema ulipe kidogo kidogo, na waambie wanajumuiya wako, usikae nalo peke yako. Nitumie jina la mtoto pembeni tumuombee alhamisi.