Re: Muuguzi wa Wete anayetaka afya ya jamii

Mdogo wangu, umeuliza kama uache wadi ukasome afya ya jamii, kisha ufundishe afya vyuoni. Kazi usiache, omba ruhusa ya masomo. Ulizia SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), skuli yao ya afya ipo Mbweni, Unguja.

Kwa sasa anzia kwenye kichocho, maana hapo Pemba ndipo utakapojifunza vizuri ugonjwa huo. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, tangu 2000. Nenda kaombe kujitolea. Utaona konokono wa mabondeni, wanaobeba vimelea vya kichocho, wanavyochunguzwa, na utajua kwa nini mtoto aliyemeza prazikuanteli, dawa ya kichocho, huambukizwa tena akirudi kuoga mtoni.

Kufundisha ni baadaye. Vyuo huangalia sana alama za digrii, na wanachuo (hasa ukigusa uzazi wa mpango!) hawataki kuhutubiwa.