Dirisha la chumba cha kazi: usilifunge, na usilikabidhi kwa machweo

Habari zenu wanajamvi. Mleta uzi anasema anajenga upande wa Dunga, Kisumu, na ametenga chumba cha futi kumi kwa kumi cha kuchorea na kuandikia. Fundi wake anataka dirisha moja kubwa la magharibi ili ziwa lionekane. Rafiki yake anamshauri azibe ukuta mzima atumie taa, wapita njia wasije wakamvuruga mawazo. Anauliza amsikilize nani. Mimi naishi kwa brashi hapa Nyalenda: mabango ya hoteli na saluni ndiyo yanayonilisha, picha zangu mwenyewe nazifanya nafasi ikipatikana. Kwa maoni yangu, wote wawili wanakupoteza.

Nianze na huyo wa kuziba, maana ushauri wake ndio unaoniuma zaidi. Taa haikuonyeshi rangi kama ilivyo. Changanya buluu iliyokolea usiku chini ya balbu ya njano, halafu itoe nje asubuhi uone ulichokuwa unakipaka. Mafundi cherehani wanalijua hili kuliko sisi wachoraji. Pale soko la Kibuye utamwona fundi anainuka kwenye mashine, anatoka mlangoni na kipande cha kitambaa mkono mmoja na nyuzi mbili mkono wa pili, anavigeuzageuza juani kabla ya kurudi kushona. Ndani chini ya taa, uzi mweusi na wa buluu nzito huwezi kuutenganisha. Chumba kisicho na dirisha kitakufanya utoke nje namna hiyo kila baada ya nusu saa, na turubai huwezi kulibeba kirahisi kama uzi.

Sasa magharibi. Uzuri wake naujua. Jua la Dunga linapozama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, hata waliozaliwa pale husimama wakatazama. Lakini dirisha la meza ya kazi utakaa nalo mchana kutwa. Kuanzia saa tisa hivi jua linaanza kulala, linaingia mpaka kwenye karatasi, na maji nayo yanakurushia mwanga kutoka chini. Upenu hausaidii, kwa sababu kadiri jioni inavyokaribia jua haliji tena kutoka juu, linakuja usawa wa uso wako. Basi utanunua pazia zito. Ukishalivuta, ziwa hulioni, hewa hupati, na taa umeiwasha. Ukuta nao unakuwa umekunywa joto, unaendelea kulitoa usiku ukiwa unajaribu kuandika. Mimi ningeweka dirisha dogo la magharibi, futi mbili kwa tatu, mbali na meza, na chini yake kiti cha kupumzikia. Kazi ikiisha, nenda ukakae hapo na machweo yako.

Meza iende wapi basi? Vitabu vya uchoraji vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini, na kwao ni sawa kabisa: kule jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo kaskazini hubaki mwanga wa anga peke yake, mtulivu, usiohamahama. Lakini sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Kibao chake kipo Maseno, njia ya Busia, wengi wetu tumepiga picha pale. Kwetu jua hupita kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha likahamia kusini hadi Machi tena. Ukifuata kitabu bila kufikiri, Juni utashangaa jua limefikaje kwenye turubai.

Hata hivyo habari ni njema kwetu kuliko kwao. Juni na Desemba, linapofika mwisho wa safari yake, saa ya adhuhuri jua huwa limeegama nyuzi 23 na nusu hivi tu kutoka utosini. Jua la juu namna hiyo upenu unalikata vizuri. Ukitokeza paa futi mbili na nusu juu tu ya dirisha lenye kimo cha futi nne, kioo kitabaki kivulini tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, hata Juni. Kwa hiyo kaskazini na kusini zote mbili zinafaa, na nakuomba uweke kote kote.

Upana usiuonee huruma. Kipimo ambacho mafundi wengi hukishika ni dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu, yaani kwa chumba chako futi za mraba kumi. Hiyo inatosha kulala na kula. Kwa kazi ya macho weka mawili ya futi nne kwa nne, na uyapandishe mpaka chini ya linta, ile boriti ya juu ya dirisha, kwa sababu kadiri dirisha linavyokwenda juu ndivyo mwanga unavyofika ndani zaidi. Kama unatumia mkono wa kulia, keti dirisha likiwa kushoto kwako ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Mtazame Johannes Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17: katika picha zake nyingi za vyumbani dirisha liko kushoto, na mtu amesimama ndani ya mwanga huo huo mmoja. Jambo jingine, angalia jirani ana nini. Mabati mapya ya nyumba ya chini yakipigwa na jua yatakumulikia dari nzima, na ukuta wa udongo mwekundu utakupaka wekundu kwenye kila karatasi nyeupe.

Kuhusu hewa, lile dirisha dogo la magharibi litakufaa tena. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapanda, na ile ya ziwani iliyopoa ikaja kujaza. Ndio upepo unaowarudisha wavuvi wa matanga. Uache uingilie hapo na utokee kwenye yale makubwa. Weka wavu kote, maana kwetu malaria si hadithi, na wadudu wa ziwani wakija na wewe una vanishi mbichi, utawaokota mmoja mmoja. Wavu hupunguza mwanga na hewa kidogo, sababu nyingine ya kutobania upana. Na grili: mwambie fundi wa chuma asikupitishie fito ya kulala usawa wa macho yako ukiwa umeketi, na grili ya dirisha moja iwe na bawaba na kufuli, ufunguo utundikwe karibu ndani. Moto ukishika mlangoni, grili iliyochomelewa kote ni jela.

Nimebakiza hoja ya kuvurugwa mawazo. Dirisha langu linaangalia kibanda cha mama mmoja anayeuza mboga. Asubuhi ananyunyizia sukuma maji kwa kopo alilolitoboa misumari. Jua likimfikia anasogeza mwavuli, mwavuli ukishindwa anasogeza meza, na ikifika saa kumi anakuwa amehama upande wa pili wa njia bila mteja yeyote kumpotea. Nimemchora mara nyingi nisizozihesabu, na nyendo zake ndizo zilizonifundisha jua linavyopita kwenye uso wa mtu. Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki, ile ya Mfaransa Nicéphore Niépce ya mwaka 1826 au 1827, ilipigwa kutoka dirisha la juu la nyumba yake, ikachukua saa nyingi hata kuta za pande mbili zinaonekana zimepigwa na jua. Alielekeza kifaa kwenye mapaa yale yale aliyoyazoea.

Ijumaa hupita msafara wa mazishi kwenda mashambani, tepe nyekundu kwenye magari, na mtaa mzima unatulia. Jioni watoto wanashika grili wakihukumu kazi yangu. Mmoja aliwahi kuniuliza mbona ziwa nililolipaka ni la buluu, na ilhali la leo ni la kijani kwa sababu ya magugu. Mkosoaji mzuri kama huyo huwezi kumpata ukijifungia na taa.

Na kwa kuwa unaandika pia, nikupe zoezi ninalolifanya mwenyewe. Keti robo saa, andika kila kinachopita ndani ya fremu na usiinuke kwenda mlangoni kuona kimeishia wapi. Kijana wa boda amebeba mlango mpya wa mbao mgongoni, amepita, basi. Mlango ni wa nyumba ya nani? Wa zamani ulivunjwa na nani? Hapo ndipo hadithi zangu nyingi za picha zimeanzia, pale fremu ilipomkata mtu nikabaki nikimtafuta kichwani.

Kabla ukuta haujapita futi tatu, peleka stuli ndani, keti meza itakapokaa, mtu akushikilie mbao mbili kuonyesha ukingo wa kushoto na wa kulia. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri na saa kumi, uweke alama ya chaki kwenye matofali. Oda ya fremu usiitoe mpaka tundu limejengwa na kupimwa. Tupandishie ramani hapa ikionyesha kaskazini na nyumba za majirani, nitakuchorea jua la Juni na la Desemba.