Hasira Kazini Marekani: Anachopaswa Kujua Dada Mgeni

Dada unayeanza kazi Marekani, iwe zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee au meza ya kampuni ya bima, kuna jambo hutalikuta kwenye kile kijitabu cha kanuni wanachokukabidhi siku ya kwanza. Ukikasirika, hutasomwa kama anavyosomwa mwenzako mzungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Journal of Applied Psychology ulilipima hili: mwanamke mweusi akionyesha hasira kazini, wanaomtazama huelekea zaidi kudhani ndiyo tabia yake, badala ya kuuliza kilichomkasirisha, na alama zake za utendaji hushuka.

Picha hiyo ni ya zamani. Kipindi cha redio cha Amos 'n' Andy, kilichoanza mwaka 1928 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1951, kilikuwa na mke aitwaye Sapphire ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumfokea mumewe. Jina lake likabaki kuwa jina la dhana yenyewe, ya mwanamke mweusi mwenye hasira siku zote. Wako wanaofika wakasema hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi tumetoka Tanga au Kisumu, hayatuhusu. Yanawahusu. Msimamizi anaona rangi kabla hajasikia lafudhi, na akishaisikia lafudhi mambo huzidi kuwa magumu. Hao dada Wamarekani weusi mnaofanya nao kazi wanaijua njia hii kuliko mtu yeyote, kwa hiyo wasogelee mapema.

Ushauri utakaoupata kwa ndugu wengi ni huu: nyamaza, tafuta hela. Sisi hatuukubali. Ukimeza kila kitu, faili lako linabaki na maneno ya upande mmoja, ya bosi. Halafu mzigo wa miezi sita unamwagikia kitu kidogo, tuseme kiti kilichohamishwa au kikombe kisichooshwa, na watu wanakumbuka kikombe. Kinachosaidia ni kuifunga hasira kwenye chanzo chake, kwa sauti, kabla mtu mwingine hajakutafutia chanzo cha kubuni.

Chukua mfano wa ratiba, maana ndiko ugomvi mwingi unakoanzia. Umefika kazini ukakuta zamu yako imebadilishwa bila kuulizwa, mara ya pili wiki hiyo. Usianzie ukumbini mbele ya wagonjwa. Mwombe mkuu wa zamu dakika tano, faraghani, na useme mambo matatu kwa mpangilio huu: kilichotokea, kimekugharimu nini, unataka nini. "Zamu yangu ya Jumanne na ya Alhamisi zimebadilishwa bila mimi kuambiwa. Nimelazimika kumlipa mlezi wa mtoto mara mbili, na jambo hili limenikasirisha. Naomba badiliko lolote linifikie saa 48 kabla." Neno "limenikasirisha" liache palepale. Ukilificha, uso wako utalisema, na uso hauelezi sababu. Ukishasema, nyamaza, usijaze ukimya kwa maelezo mengine. Akikuambia "tulia" wakati umetulia, jibu bila kupandisha sauti: "Nimetulia. Nasubiri jibu kuhusu saa 48."

Kabla zamu haijaisha, mwandikie barua pepe ya mistari minne: tulizungumza leo saa fulani, nilisema hivi, ulijibu hivi, tumekubaliana hivi. Usiweke herufi kubwa tupu, usiweke alama za mshangao, wala usinakili idara nzima. Hasa hilo la mwisho. Kumnakili bosi wa bosi kwenye malalamiko ya kwanza huonekana ni kumshitaki, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye ratiba kuja kwako.

Mwili nao unasema. Kusonya, hata kama umechoka tu, kunaweza kuchukuliwa kuwa dharau. Kushika kiuno kunatafsiriwa kuwa unatafuta ugomvi. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa, heshima tuliyolelewa nayo, kunaweza kuchukuliwa kuwa unaficha jambo. Na ukitoka kwenye mabishano ukamgeukia mwenzako kwa Kiswahili, kila aliyepo ataamini anasengenywa, hata kama mlikuwa mnauliza basi la saa ngapi.

Sasa tathmini ya mwaka. Humo ndimo hasira yako, au ile unayodhaniwa kuwa nayo, inapogeuzwa maandishi: "mkali", "anatisha", "hana moyo wa timu". Usibishane na sifa, maana ukibisha kwa nguvu umeithibitisha. Uliza tukio: ni siku gani, nilisema maneno gani, alikuwepo nani, na nilipaswa kusema nini badala yake? Mara nyingi hapo ndipo karatasi inapoishiwa. Ukiambiwa utie saini, andika kando yake kwamba saini ni ya kupokea, hukubaliani na yaliyomo, na majibu yako utayaleta kwa maandishi; kisha yalete kweli. Ukipewa mpango wa kuboresha utendaji, ule wanaouita PIP, omba kila lengo liwe na kipimo cha kuhesabika. "Boresha mtazamo" hakihesabiki.

Weka daftari nyumbani: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, waliokuwepo, kilichofuata. Usilihifadhi kwenye kompyuta ya kazini, kwa sababu siku ukifukuzwa hutaigusa tena. Ukifanya kazi hospitali, usitume hata ukurasa mmoja wenye jina la mgonjwa kwenye barua pepe yako binafsi. Ni kuvunja sheria ya siri za wagonjwa, na watapata sababu safi ya kukuondoa. Kurekodi kwa simu kunategemea jimbo: New York na Texas inatosha wewe mwenyewe kuridhia, California, Washington na Pennsylvania mazungumzo ya faragha yanahitaji ridhaa ya wote.

Machozi yakija, omba dakika kumi utoke, kisha rudi umalizie. Usiache kikao kikafungwa bila wewe. Waajiri wengi wana huduma ya ushauri nasaha, EAP, yenye vikao kadhaa vya bure. Ukiumwa kweli kwa msongo, sheria ya likizo ya familia na matibabu, FMLA, inatoa hadi wiki 12 za likizo bila malipo, kwa sharti kwamba umetimiza miezi 12 kwa mwajiri huyo na kufanya kazi saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mwajiri ana watu 50 ndani ya maili 75.

Ukifikia kulalamika rasmi, ofisi ya rasilimali watu ni ya mwajiri. Wapo wema humo, lakini mshahara wao unatoka kwake. Kosa tunaloliona zaidi ni kuandika "bosi ananionea" na kuishia hapo. Uonevu mtupu sheria haiugusi. Kama unaamini sababu ni rangi, jinsia au asili ya taifa, liandike neno hilo, na mtaje mwenzako aliyefanya kitu kilekile asiguswe. Hapo ndipo kinga dhidi ya kulipiziwa kisasi inapoanza. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, na malalamiko yanapelekwa EEOC, tume ya serikali kuu inayosimamia usawa kazini, ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo linapokuwa na chombo chake cha kusimamia sheria kama hiyo. Ukiwa mfanyakazi wa serikali kuu, ni siku 45 tu kumfikia mshauri wa usawa kazini (EEO) wa ofisi yako. Siku hizo zinahesabiwa tangu kitendo kilipofanyika, na uchunguzi wa ndani hauzisimamishi, hata wakikuambia kila wiki kwamba suala lako linashughulikiwa. Weka tarehe ya mwisho kwenye simu yako siku ileile.