Kufika Pangani uwe umezitaja zote

Mwaka wa kwanza wa uuguzi nilikuwa na kalamu nne za rangi. Nilipaka daftari la anatomia hadi likang'aa kama matatu ya Rongai, nikasoma neva 12 za kichwa mara tano usiku mmoja, nikaingia kwenye jaribio kifua mbele. Nikapata 9 kwa 30. Neva ya saba niliiona kabisa: upande wa kushoto wa ukurasa, rangi ya waridi. Jina ndilo lililokataa kuja.

Nyinyi mnaoripoti chuoni mwezi huu, hilo msilirudie. Ukilisoma jambo mara ya tano macho yanalizoea, nawe unadhani kulitambua ndiko kulijua. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi; baadhi wakayasoma tena na tena, wengine wakayasoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, wa kurudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, wakaachwa nyuma. Na mtihani wa muhula hauji baada ya dakika 5.

Nilichofanya ni hiki: napanda gari Githurai, nasoma ukurasa mmoja, Roysambu nafunga daftari. Kufika Pangani niwe nimezitaja neva zote kimoyomoyo. Nikikwama sifungui upesi. Nang'ang'ana kwanza, maana kule kung'ang'ana ndiko kunakokaza kumbukumbu. (Kondakta mmoja alinipita bila kunidai nauli, akidhani nasali.) Kesho yake narudia, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Na usiku nalala, kwa sababu ubongo hupanga ya mchana mtu akiwa usingizini.

Wodini ni habari nyingine. Henry Molaison, Mmarekani, alikatwa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa. Hakuweza tena kuweka kumbukumbu za mambo mapya. Lakini alipofundishwa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa yeye hakukumbuka kuwahi kuichora. Mikono ina njia yake. Hatua za kupima presha nilizikariri kama Baba Yetu, kisha nikamfungia mzee wa watu kile kitambaa cha mkononi juu chini, mipira ya hewa imeelekea begani.

"Mjukuu wangu," akaniambia taratibu, "jana yule sista hakufunga hivi."