Maswali ya Wasomaji: Abolqasem Lahouti, mshairi aliyeiteka Tabriz

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninaposoma habari za Abolqasem Lahouti naambiwa alikuwa mshairi wa Kiajemi aliyefika ugenini, ndipo akaingia siasa. Mpangilio huo ni sahihi?

JIBU: Umewekwa kichwa chini miguu juu. Siasa ndiyo iliyomtoa kwao. Lahouti alizaliwa mwaka 1887 Kermanshah, magharibi mwa Iran. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyetunga mashairi ya dini kwa lakabu ya Elhami. Kijana alikulia katika Mapinduzi ya Katiba ya 1906 hadi 1911, akatunga na kupigana kwa wakati mmoja. Baadaye akaingia jandarmeri, kikosi cha polisi wa kijeshi kilichofunzwa na maofisa wa Uswidi, akapanda hadi cheo cha meja. Akahukumiwa kifo naye hayupo mahakamani, maana alikwisha kimbilia dola la Uthmaniya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi Kermanshah akatoa gazeti la Bisotun, na mwaka 1921 yuko Istanbul, akishiriki kutoa jarida la Pars kwa Kiajemi na Kifaransa. Kwa hiyo uhamisho wa 1922, unaotajwa sana, ulikuwa wa mwisho na si wa kwanza.

SWALI: Meja mmoja aliwezaje kuuteka mji mkubwa kama Tabriz, na kwa nini akaupoteza upesi hivyo?

JIBU: Aliweza kwa sababu askari walikuwa na njaa na hasira. Lahouti alikuwa amerejeshwa jeshini Tabriz. Vikosi vya jandarmeri vilivyokaa Sharafkhaneh, kando ya Ziwa Urmia, vilikuwa vikidai mishahara ya nyuma, na huku vinatakiwa kupigana na Simko, kiongozi wa Wakurdi. Juu ya hayo, Reza Khan, waziri wa vita, aliamua kuiunganisha jandarmeri na Kikosi cha Wakosaki, askari wa Kiirani waliofunzwa na maofisa wa Kirusi, ili liwe jeshi moja. Maofisa wa jandarmeri waliwadharau Wakosaki, na sasa waliona wanakwenda kuwekwa chini yao. Mwisho wa Januari 1922 wakauendea mji, wakamkamata gavana, Mehdi-Qoli Hedayat, na wafuasi waliobaki wa Sheikh Mohammad Khiabani, kiongozi wa uasi wa awali wa Tabriz aliyeuawa mwaka 1920, wakawaunga mkono.

Kushindwa kwao kulikwisha kuandaliwa kabla hawajaanza. Tazama tarehe tu. Kanali Mohammad Taqi Khan Pesyan, ofisa wa jandarmeri aliyeasi Khorasan, aliuawa Oktoba 1921. Mirza Kuchak Khan, kiongozi wa waasi wa msitu wa Gilan, alikufa Desemba mwaka huohuo. Lahouti alipoinuka hapakuwa na mwenzake hata mmoja wa kuigawa nguvu ya Tehran. Wanaodhani Urusi ya Kisovieti ilikuwa nyuma yake wanasahau mkataba wa Februari 1921 kati ya Moscow na Tehran: Wasovieti walikuwa wanatafuta urafiki na serikali, hawakuwa tayari kuuvunja kwa ajili ya meja mmoja. Reza Khan akatuma majeshi, mji ukarudi mikononi mwa serikali kabla wiki mbili hazijatimia, na Lahouti akavuka mto Aras na baadhi ya wenzake kuingia upande wa Kisovieti.

SWALI: Nimekuta tarehe tatu za uasi huo: 1300, 1340 na 1922. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. 1340 ni hijria ya mwezi, 1300 ni hijria ya jua, 1922 ni miladia. Kugeuza mwaka wa jua wa Kiirani, jumlisha 621. Lakini mwaka wao huanza karibu na tarehe 21 Machi, kwa hiyo tukio lililotokea baada ya Januari mosi na kabla ya Nowruz, yaani mwaka mpya wao, hujumlishiwa 622. Uasi ulikuwa mwezi wa Bahman 1300, unaoanza kama tarehe 21 Januari; ukijumlisha 621 utaurudisha nyuma mwaka mzima, na hapo Pesyan ataonekana bado yu hai. Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya hijria mbili: kwa miaka hiyo zinapishana kwa 40. Kalenda ya jua ilifanywa rasmi mwaka 1925, basi hati na magazeti ya kabla ya hapo yachukulie kuwa ni ya mwezi mpaka uone majina ya miezi. Ukiona Rajabu au Shaabani, ni ya mwezi. Ukiona Bahman au Esfand, ni ya jua.

SWALI: Wanasema aligeuza ushairi wa Kiajemi kuwa wa kimapinduzi. Aliacha vina na mizani?

JIBU: Hapana, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Shairi lake la mwaka 1923, Kremlin, ni kasida iliyotungwa kwa kuijibu kasida ya Khaqani wa karne ya 12. Khaqani alisimama mbele ya magofu ya kasri la wafalme wa Kisasani huko Madain, karibu na Baghdad, akayaangalia kama funzo la jinsi enzi zinavyopita. Lahouti aliichukua hali hiyohiyo, ya mshairi anayesemezana na jengo la wafalme, akaipeleka Moscow, ambako jengo bado limesimama na waliokimbia ni wafalme. Msomaji wa Kiajemi aliyeijua kasida ya kwanza alilielewa fumbo bila kuelezwa.

Ukitaka kuisoma kasida ya Khaqani kwa sikio lake, usihesabu silabi peke yake kama tufanyavyo na mizani zetu. Kila mshororo una silabi 14, vipande viwili vya 7, na kila kipande kina mpango huu: ndefu mbili, fupi mbili, ndefu tatu. Silabi inayoishia kwa irabu fupi ni fupi. Yenye irabu ndefu, au iliyofungwa kwa konsonanti, ni ndefu. Wanaoanza hukwama mahali pawili. Kwanza, herufi nun baada ya irabu ndefu haiongezi kitu, ingawa unaisikia. Pili, ile “e” inayounganisha nomino na sifa yake mshairi anaruhusiwa kuivuta au kuifupisha, kwa hiyo mshororo usipotimia, anza kwa kuigeuza hiyo. Ubeti ni mishororo miwili tu. Wa kwanza hufungwa kwa kina kimoja pande zote mbili, halafu kina hicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi tamati. Katika ghazali za Lahouti, yaani mashairi mafupi ya mapenzi, mpenzi anayelalamikiwa mara nyingi hugeuka kuwa nchi au mfanyakazi, ila umbo la ghazali halitikisiki.

SWALI: Alikuwa mwanamapinduzi au msifu wa Stalin?

JIBU: Vyote viwili. Moscow alifanya kazi ya kupanga herufi kwenye uchapaji, akaingia Chama cha Kikomunisti mwaka 1924, na mwaka uliofuata akaenda Tajikistan, ambako lugha yake ilikuwa lugha ya wenyeji. Huko akashika kazi za elimu na ushairi, sambamba na mwandishi wa Kitajiki Sadriddin Ayni. Aliyatunga pia mashairi ya kumsifu Stalin, na kwa maoni yetu ndiyo dhaifu kuliko yote: kasida za baraza la mfalme, mfalme amebadilishwa tu. Tusisahau hata hivyo kwamba mkimbizi asiyeweza kurudi kwao hakuwa na mlango wa pili, na misako ya Stalin ya miaka ya 1937 na 1938 iliwameza waandishi wengi wa jamhuri zile. Kazi yake ya miaka ya mwisho iliyo bora ni ile aliyoshirikiana na mkewe, Cecilia Banu: tafsiri ya Kirusi ya Shahnameh, utenzi mkuu wa Kiajemi wa habari za wafalme, iliyoanza kutoka mwaka 1957, mwaka aliofariki huko Moscow.

SWALI: Nina kitabu kinachodai kuwa ni wasifu alioandika mwenyewe, akiulaani Usovieti. Nikiamini?

JIBU: Usikiamini. Wasifu huo ulighushiwa na kusambazwa miaka ya 1950, na Lahouti aliukana hadharani angali hai. Ukiona makala inayoutegemea, hakiki kila tarehe yake kwingine.

SWALI: Nawezaje kumpata katika orodha za maktaba?

JIBU: Tafuta Lahuti, Lahouti na Lohuti. Kitajiki, yaani Kiajemi cha Tajikistan, kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikahamia za Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, na za Kisirili mwaka 1940. Kwa hiyo diwani zake zimetawanyika katika hati tatu. Kwa mahali pa uchapaji, jaribu pia Stalinabad, jina la Dushanbe kati ya 1929 na 1961. Na ukitaka kusikia muziki uliobeba maneno yake, sikiliza wimbo wa taifa wa Tajikistan: sauti ni ileile ya Suleiman Yudakov iliyotumika enzi ya Kisovieti, ila mashairi ya Lahouti yameondolewa na kuwekwa ya Gulnazar Keldi.